Dondoo muhimu: Gari la umeme au la petroli hapa Mahongole?

Piga hesabu ya kilomita 100. Gari dogo la umeme hula uniti kama 15. Kwa shilingi 356 kila moja, ni 5,340 tu. La petroli hunywa lita 7 hivi: zidisha kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi huu.

Ila angalia LUKU yako kwanza. Kama unanunua umeme wa bei nafuu, ule wa uniti 75 kwa mwezi, kuchaji gari kutakutoa huko, na umeme wa taa nao utapanda bei.

Baridi ya Juni na Julai hupunguza umbali wa betri. Kwa safari za Makambako na Njombe, umeme unashinda. Kwa Dar es Salaam, usinunue la umeme kabla hujajua utachaji wapi njiani.