SOMO LA KUSOMA: JUU YA NINI YUSUF ALIKIMBILIA ASKARI?



Sisi wa mwaka wa sita tumesoma kitabu Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Zawadi ya Nobel mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis alikigeuza kwa Kiswahili mwaka 2022. Ni hadithi ya kijana Yusuf. Baba yake alishindwa kulipa deni la tajiri Aziz, akamtoa mtoto kuwa rehani. Yusuf anafuata msafara wa Aziz mpaka bara, ng'ambo ya ziwa. Mwisho wa kitabu, askari wa Wajerumani wanapita wakikamata watu. Yusuf anajificha. Wakiisha kwenda, anatoka mbio kuwafuata!

Juu ya nini? Hapo darasa liligawanyika. Wengine walisema ni mjinga. Wengine, amezoea bwana, anatafuta mwingine. Wengine, amechoka kuwa mali ya mtu. Kelele ilikuwa nyingi, basi tulitafuta njia ya kupima nia ya mtu. Tulipata mambo matatu.

1. Tazama milango iliyokuwa wazi. Tusiulize tu alifanya nini, tuulize alikuwa na njia ngapi. Jina la Yusuf na mambo ya bibi wa tajiri yanatukumbusha Yusufu wa Mwanzo sura ya 39. Lakini huyu hakupata Farao wa kumuinua. Nyuma yake iko duka la Aziz, mbele yake askari. Anayechagua kati ya milango miwili mibaya si lazima awe mjinga.

2. Kueleza si kusamehe. Tuko na mfano wa kwetu. Ngongo Lutete, inasimuliwa, alikamatwa utumwani akiwa mtoto, kisha akawa jemadari wa Tippu Tip. Naye alikamata na kuuza watu wengi. Mwaka 1892 alishindwa na Dhanis, akageuka upande wa Serikali ya Leopold. Watu wake walisaidia kuteka Nyangwe yetu mwezi wa tatu 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Tarehe 15 mwezi wa tisa mwaka ule ule, maofisa wa Serikali ile ile walimpiga risasi kule Ngandu. Ukijua alikuwa mtoto wa utumwa, unaelewa hofu yake ya kuwa chini tena. Lakini wale aliowauza hawakupona kwa sababu sisi tumeelewa.

3. Uliza nani anasimulia. Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Anasimulia namna alivyojiita mjukuu wa ukoo wa Kasongo Rushie, mfalme wa Utetela, akapewa ufalme. Yeye anaona ni akili. Watu wa Kasongo Rushie wangeandika, wangeita nini? Maofisa wa Dhanis nao waliandika vitabu, wakijipa sifa za kukomesha utumwa. Kila mwandishi ana nia yake, sawasawa na watu anaowasimulia.

Sasa neno la mwisho, na ni zito. Hapa Nyangwe mambo haya si ya kitabu tu. Kati yetu wako ambao babu zao waliuzwa, na wako ambao babu zao walikuwa waungwana wa misafara. Wengi wana damu ya pande zote mbili. Katika mabishano, ukoo wa mwenzako usitupwe kama jiwe. Yusuf hakuchagua deni la baba yake, na hakuna kati yetu aliyechagua babu. Mupime matendo ya wale wa kale bila kuficha kitu, lakini deni lao musimdai mwanafunzi wa leo.

Maswali ya kujadili:
(a) Chatu, mkuu wa bara, ananyang'anya mali ya msafara kwa sababu mfanyabiashara mwingine aliwadanganya watu wake mbele. Ni kisasi ao ni haki?
(b) Kama Ngongo Lutete angekataa kugeuka, angebaki na mlango gani?
(c) Andika ukurasa mmoja: Yusuf baada ya mwaka mmoja kati ya askari. Onyesha nia yake kwa matendo, usiitaje.