Mafunzo Niliyopata Nilipotengeneza Maktaba ya Saa na Tarehe

Maktaba yangu ilizaliwa Kariakoo, ndani ya programu ya mauzo na mizigo niliyowaandikia wenye fremu. Wewe unayesoma haya bila shaka unataka kuandika ya kwako, tena ipite yangu. Basi anzia hapa nilipofika.

1. Ukitafsiri maneno, geuza na saa

Mfanyabiashara wa vitenge wa Mtaa wa Kongo alikuwa na programu iliyotuma ujumbe kwa Kiswahili: "Mzigo utapakiwa saa 8:00." Seva ilikusudia saa mbili asubuhi. Dereva wa guta akaja saa nane mchana, lori limeshaondoka. Wote walimlaumu yeye, nami nikamtetea. Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili, na kwa Kiswahili hiyo ni saa nane.

Data za CLDR za Unicode, zinazotegemewa na simu na lugha nyingi za programu, zina majina ya vipindi vyetu: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Saa yenyewe haziigeuzi. Kazi hiyo ni yako. Chukua saa ya seva, ongeza 6, gawanya kwa 12, kinachobaki ndiyo saa. Kikibaki 0, andika 12. Hivyo 13 inakuwa saba, na 18 inakuwa kumi na mbili.

Kilichonishangaza ni kasorobo. 11:45 ni saa sita kasorobo, kwa hiyo saa inabidi itangulie kabla dakika hazijatimia. Kipindi nacho kinasumbua: kwa CLDR mchana unaanza 12:00, hivyo programu itaandika "saa sita kasorobo asubuhi", na sijasikia mtu wa Kariakoo akisema hivyo. Ni mchana. Je, saa moja kasorobo ni jioni au usiku? Niliwauliza wenye fremu, wakagawanyika, nikaliacha chaguo hilo mikononi mwa anayeitumia maktaba.

2. Usiku mmoja, siku mbili

Mama mmoja mwenye duka la vyombo Mtaa wa Sikukuu alikata tiketi ya basi la saa tisa usiku, Jumamosi. Akafunga duka Jumamosi jioni, akaoga, akaenda stendi na mizigo yake. Basi lilikuwa limeondoka usiku uliotangulia. "Kaka, si wameandika Jumamosi? Nami nimekuja Jumamosi," aliniambia.

Kwa kompyuta siku inaanza saa sita usiku. Kwa mtu ambaye hajalala, bado ni ile ile aliyoamkia. Lugha yetu ina dawa ya jambo hili, na magazeti na redio huitumia kila siku: usiku wa kuamkia Jumamosi. Nikaiingiza kwenye maktaba kwa saa zote kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri. Katika yote niliyoandika, hiki ndicho kipengele ninachokithamini kuliko vingine, na sijakiona katika maktaba yoyote kubwa ya nje.

3. Herufi inaweza kula mwaka mzima

Katika Java, yyyy ni mwaka wa kalenda na YYYY ni mwaka wa juma. Kwa karibu mwaka mzima hutoa jibu moja, na majaribio yote hupita. Kisha inafika 30 Desemba 2024, Jumatatu ya juma lenye Januari mosi, na risiti inatoka imeandikwa 30/12/2025. Niliiona risiti ya namna hiyo mikononi mwa mhasibu aliyekuwa akifunga hesabu za mwaka. Alidhani ni ya kughushi. Usimpe mwenzako herufi mbili zinazofanana kwa vitu viwili tofauti. Mpe majina kamili.

4. Lugha haikuambii mtu yuko wapi

Tanzania, Kenya na Uganda zote ziko saa 3 mbele ya UTC, na hatusogezi saa kwa majira. Raha hiyo inadanganya. Anayesoma Kiswahili akiwa Lubumbashi au Goma yuko saa 2 tu mbele. Wakala wa mzigo aliyeko Guangzhou yuko saa 5 mbele yetu: malipo yanayofanyika Kariakoo saa mbili usiku, kwake tayari ni kesho yake, saa saba usiku. Hifadhi UTC, kisha uliza lugha na ukanda wa saa kila kimoja peke yake.

Tarehe ya kuzaliwa, kwa upande mwingine, haina ukanda wowote. Java ililipata hilo vizuri mwaka 2014 ilipoleta java.time, iliyotokana na uzoefu wa Joda-Time ya Stephen Colebourne: tarehe tupu ni aina moja, nukta halisi ya wakati ni nyingine. Iga hapo bila haya.

5. Acha nafasi ya mwezi kuandama

Sabasaba ni 7 Julai, Nanenane ni 8 Agosti. Hizo andika moja kwa moja. Idd inasubiri mwezi. Weka orodha ya sikukuu ambayo mtu anaweza kuirekebisha usiku huo huo tangazo linapotoka, bila kungoja toleo jipya.

Nakuomba jambo moja kabla hujatoa toleo la kwanza: chapisha saa zote 24 za siku, pamoja na robo na kasorobo zake, uende nazo sokoni, umsomee kwa sauti mtu anayepakia mizigo. Akikusahihisha, badilisha msimbo.