Kupima Ustawi wa Punda wa Kazi

Ustawi wa mnyama, yaani hali ya mwili na nafsi yake, hupimwa kwa mnyama mwenyewe na si kwa nia njema ya mwenye kumfuga. Ripoti ya kamati ya Rogers Brambell, iliyotolewa Uingereza mwaka 1965, ilizaa vigezo vinavyojulikana leo kuwa ni uhuru wa aina tano: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikose mahali pa kujisitiri, asiachwe na maumivu wala maradhi, asiishi kwa hofu, na aweze kufuata tabia za umbile lake.

Mjini Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na mchanga na mawe ya ujenzi hubebwa na punda, vigezo hivyo vinahitaji jicho la makini, kwa sababu punda huficha maumivu, na utulivu wake hudhaniwa kuwa ni afya. Kwa hiyo uchunguzi uanzie mbali, kabla hajashtuka, kwa kutazama kama amezubaa, ameinamisha kichwa, anapumzisha mguu mmoja wa mbele au amejitenga na mwenziwe. Punda aliyeacha kula ni wa dharura, kwani mafuta ya mwilini humiminika katika damu na huweza kumuua kwa siku chache.

Baada ya hapo mkono ushike kazi, maana manyoya huficha mbavu: mabega, mgongo na nyonga hupapaswa, na unene ukakadiriwa kwa alama 1 hadi 5, ambapo 3 ndiyo hali nzuri. Shingo isitegemewe peke yake, kwa kuwa mafuta yake hubaki hata punda akikonda.

Vidonda ndivyo vyenye ushahidi mwingi zaidi, kwani mahali kilipo kidonda mara nyingi hutaja chanzo chake: cha mgongoni hutokana na shogi (mfuko wa mizigo unaolazwa mgongoni) au tandiko lisilomkaa vizuri, cha matakoni hutokana na fimbo, na cha miguuni hutokana na kamba. Punda anayerudi nyuma akinyooshewa mkono ana hofu, na hofu hiyo ni madhara kamili hata pasipo na jeraha.

Kidonda cha shogi hakiponi kwa dawa pekee. Punda na apumzishwe mpaka ngozi ifunge, na shogi au tandiko libadilishwe kabla hajarudishwa kazini.