Radieta yenye moto haifunguliwi

Ndugu mfanyakazi, lori likipanda milima ya njia ya Kamituga, maji ya radieta hupata moto sana. Hapa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye digrii 95 hivi. Ndani ya radieta, kifuniko huyabana hata yakapita 100 bila kuchemka. Ukifungua, hufoka na mvuke na kukuunguza uso. Ukitia maji baridi, chuma kilichotanuka husinyaa ghafula na kupasuka.

Zima injini, ngoja mpaka radieta ishikike kwa mkono, ndipo ufungue polepole.

Aliyeungua mmwagie maji safi ya baridi dakika 20, kisha dispensari. Mama, usimpake mafuta wala dawa ya meno.