Uzito Unapogoma Kupungua

Mkazi wa Nachingwea au Ruangwa aliyepunguza kilo kadhaa, kisha mizani ikagoma, asidhani juhudi zake zimepotea. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko awali. Chakula na mazoezi yaliyompunguza mwanzoni sasa yanatosha tu kumbakiza alipo. Apunguze ugali, aongeze mbaazi na mboga za majani. Korosho nazo, hasa msimu wa mavuno, hutafunwa bila kuhesabiwa, ilhali gramu 100 zina takribani kilokalori 550. Matembezi yawe ya kasi zaidi, na mara 2 kwa wiki yafanyike mazoezi ya kuimarisha misuli. Anayetumia dawa za kisukari aonane kwanza na mhudumu wa afya: kupunguza chakula bila kurekebisha dozi huweza kushusha sukari hadi kiwango cha hatari.