Kufundisha Nahau za Kiingereza: Asili Kwanza, Tafsiri Baadaye

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana ya neno moja moja. Mwanafunzi anayeifasiri neno kwa neno hupotea. Anayeikariri bila kuielewa huisahau mara mtihani umalizikapo. Twapendekeza, basi, mwalimu aanze na kazi au mahali palipoizaa nahau.

Tuchukue "to carry coals to Newcastle". Newcastle ni mji wa kaskazini mwa Uingereza, kando ya mto Tyne. Kwa karne nyingi makaa ya mawe yalichimbwa katika eneo hilo na kusafirishwa kwa merikebu hadi London. Aliyepeleka makaa huko alijisumbua bure. Baada ya maelezo hayo mwalimu na aulize: "Nani atapeleka karafuu Pemba?" Watoto wakicheka, wameelewa.

Mfano wa pili ni "to strike while the iron is hot". Mhunzi hufua chuma kingali chekundu, kwani kikipoa hakifuliki. Mshairi Geoffrey Chaucer aliitumia kauli hii katika karne ya 14. Waswahili nao husema, "Udongo uwahi ungali maji." Waingereza walimtazama mhunzi, sisi tukamtazama mfinyanzi, fundisho ni moja. Kinacholinganishwa hapa si maneno bali fikira.

Hata hivyo hatuna budi kujihadhari. "To rain cats and dogs", yaani kunyesha mvua kubwa mno, imezushiwa hadithi kwamba paka na mbwa walilala juu ya mapaa ya nyasi, na mvua ikawaporomosha. Hadithi hiyo haina ushahidi. Mwalimu akiisimulia kama historia, mtoto ataiandika daftarini na kuiamini, kwa kuwa imetoka kwa mwalimu wake. Nahau kama hii ifundishwe maana na matumizi yake tu.

Katika andalio la somo tufuate hatua hizi:

1. Nahau itolewe ndani ya sentensi kamili.
2. Wanafunzi wakisie maana.
3. Mwalimu aeleze asili iliyothibitishwa.
4. Darasa litafute kauli ya Kiswahili yenye fikira hiyo hiyo.
5. Kila mwanafunzi atunge sentensi yake.

Nahau mbili zatosha kwa kipindi kimoja. Afadhali mbili zitumikazo kuliko ishirini zilizokaririwa.