Mwanahabari Mwegemezi na Mlango wa Serikali

Wahenga walinena: akipenda, chongo huita kengeza. Ndivyo alivyo mwanahabari aliyejifunga na chama. Je, anyimwe kitambulisho?

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 34, inaikataza Serikali kumwadhibu mtu kwa maoni au maudhui ya matangazo yake. Sheria ya 2013 nayo ililikabidhi Baraza la Vyombo vya Habari, wala si wizara, jukumu la kuwaidhinisha wanahabari. Kwani mtawala naye hupenda na kuchukia. Januari 2018, Serikali ilizima NTV, KTN na Citizen kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga.

Mwegemezi na ajibiwe kwa hoja. Akifungiwa mlango wa mkutano wa kaunti kule Bungoma, msomaji wa Kimilili ndiye abakiaye chongo.